Kufikiri Hakufunzwi kwa Kusikiliza Tu

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili alinijia ofisini akiwa na simu mkononi na swali mdomoni. Alikuwa ameona tangazo lililodai kwamba vijana wengi wenye shahada hukosa kazi, si kwa upungufu wa elimu, bali kwa sababu hawajui kufikiri kwa mpangilio. Dawa ya upungufu huo, tangazo lilisema, ilikuwa kozi ya saa nane iliyorekodiwa kwa sauti, ambayo mtu angeweza kuisikiliza akiwa ndani ya matatu, akifua nguo au akisubiri usingizi. Bei yake ilikuwa shilingi 4,500, ambazo kwa mwanafunzi anayejilipia chumba na chakula si fedha haba.

"Daktari," akaniuliza, "ninunue?"

Sikuwa na jibu. Kumkataza mwanafunzi kununua kitu nisichokijua kungekuwa kutenda kosa lile lile ninalomkosoa kila siku, yaani kutoa hukumu kabla ya ushahidi. Nilimwomba asubiri. Nikainunua kozi hiyo kwa fedha zangu, nikaisikiliza yote kuanzia mwanzo hadi tamati kwa muda wa majuma mawili, kalamu na daftari vikiwa karibu nami. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa walimu na wanafunzi wengine ambao hapana shaka wameonyeshwa matangazo ya aina hiyo. Jina la kozi sitalitaja, kwa kuwa kasoro nilizozikuta humo si zake peke yake. Nyingine, kama nitakavyokiri baadaye, ni zetu sisi walimu.

Kozi yenyewe ilikuwa na vipindi 16 vya nusu saa kila kimoja. Msemaji alikuwa na sauti ya kuvutia na maneno yaliyopangika. Hata hivyo, kufikia kipindi cha nne nilikuwa nimekwisha kuufahamu mtindo wake. Kwanza ilikuja hadithi ya mfanyabiashara aliyefilisika kisha akatajirika. Pili lilitajwa jina la mbinu iliyomwokoa. Tatu mbinu hiyo ilielezwa kwa sentensi tano au sita, ikasifiwa kwa sentensi ishirini, na hatimaye msikilizaji akaahidiwa mbinu bora zaidi katika kipindi kijacho. Hivyo ndivyo nilivyopitishwa katika kofia sita za kufikiria, bunguabongo, ramani ya mawazo na mti wa uamuzi, mithili ya mtalii anayeonyeshwa wanyama kupitia dirisha la gari lisilosimama.

Kipindi cha ramani ya mawazo kilinisikitisha kuliko vyote. Ramani ya mawazo ni mchoro. Mtu huandika wazo kuu katikati ya karatasi, kisha akachora matawi ya mawazo madogo yanayotokana nalo. Msemaji aliuchora mchoro huo kwa maneno matupu, akaeleza tawi la kushoto, tawi la kulia na kitawi cha juu kinachorudi chini, nami nikiwa nimesimama katikati ya abiria nikishikilia chuma cha matatu. Hakuna karatasi iliyoambatanishwa na kozi hiyo, wala msikilizaji hakuambiwa asimame achore yake.

Katika daftari langu nilihesabu jambo moja kwa uangalifu, nalo ni idadi ya mara ambazo msikilizaji alitakiwa kufanya lolote zaidi ya kusikiliza. Kwa muda wa saa nane, nilihesabu mara tatu. Katika mara zote hizo tatu msemaji aliuliza swali, na kabla sijavuta pumzi akalijibu mwenyewe.

Niliporudi ofisini nilimwita yule mwanafunzi, nikamsikilizisha vipindi viwili vilivyohusu kofia sita. Kisha nikamwuliza rangi za kofia na maana zake. Alizitaja zote bila kukosea: nyeupe ya habari na takwimu, nyekundu ya hisia, nyeusi ya tahadhari, ya manjano ya manufaa, ya kijani ya mawazo mapya na ya samawati ya kuongoza shughuli yenyewe. Nilimpongeza. Kisha nikampa swali ambalo Wakenya wamelijadili kwa miaka mingi: Je, shule za msingi za bweni zifungwe?

Akafikiri kidogo, akasema kwamba kofia nyeusi ingeonyesha hatari zake na kofia ya manjano ingeonyesha manufaa yake. Nikamwuliza, "Hatari zipi?" Akanyamaza. Nikamwuliza tena, "Manufaa kwa nani, kwa mtoto, kwa mzazi au kwa mwenye shule?" Akatabasamu kwa haya. Alikuwa na makabati sita yenye majina mazuri milangoni, na ndani hamkuwa na kitu. Kosa halikuwa lake. Kozi ilimpa majina ya mbinu na kumwachia imani kwamba amepewa mbinu zenyewe.

Haki inadai nieleze kwamba mbinu hizo hazina ubaya. Edward de Bono, tabibu aliyezaliwa Malta mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021, alichapisha kitabu chake kuhusu kofia sita mwaka 1985. Wazo lake lilikuwa rahisi na la busara, kwamba badala ya watu mkutanoni kuvutana, huyu akitetea na yule akipinga, wote waangalie upande mmoja wa jambo kwa wakati mmoja, kisha wahamie upande mwingine pamoja. Aidha, masomo aliyowaandalia wanafunzi wa shule katika miaka ya 1970, yanayojulikana kama CoRT, yalijengwa juu ya mazoezi mafupi mafupi, mengi kwa idadi, ambayo wanafunzi huyafanya kwa dakika chache mbele ya mwalimu anayewasikiliza. Kozi niliyoinunua iliyachukua majina na kuyaacha mazoezi. Ni sawa na kununua jembe, ukaletewa picha yake.

Fauka ya hayo, kozi iliyodai kufundisha kufikiri haikuonyesha dalili ya kujifikiria yenyewe. Chukua suala la bunguabongo, yaani kikundi cha watu kutoa mawazo kwa wingi na kwa haraka bila kukosoana. Mbinu hii ilienezwa na Mmarekani Alex Osborn, mtu wa shughuli za matangazo ya biashara, hasa katika kitabu chake cha mwaka 1953. Msemaji wetu alituhakikishia kwamba watu wakifikiri kikundini hutoa mawazo mengi kuliko wakifikiri mmoja mmoja. Lakini suala hilo lilikwisha kuchunguzwa. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vya watu wanne na idadi iyo hiyo ya watu waliofanya kazi kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliofanya kazi peke yao ndio waliotoa mawazo mengi zaidi. Uchunguzi mwingine uliofuata uliunga mkono matokeo hayo kwa jumla. Huenda msemaji hakuyajua. Lakini mtu anayeuza ufundi wa kupima hoja angalau apime hoja zake mwenyewe kabla ya kuzipeleka sokoni.

Je, tuseme basi kwamba kosa ni la sauti, na kwamba hakuna awezaye kufundishwa kwa kusikiliza? La hasha! Historia ya nchi yetu yenyewe inakanusha hoja hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 palikuwa na mradi humu nchini wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza ya shule za msingi. Mtindo wake ulitokana na mradi wa kufundisha hesabu kwa redio ulioanzishwa Nikaragua mwaka 1974. Katika masomo hayo sauti ya redioni haikuhutubu. Iliuliza, ikanyamaza kwa sekunde chache, watoto wakajibu kwa sauti, wakasimama, wakaonyesha kitu au wakaandika neno, kisha redio ikatoa jibu sahihi ili kila mtoto ajue kama amepata au amekosa. Ilipopimwa, miradi yote miwili ilionekana kuwafaidi wanafunzi, hata katika shule za mashambani zisizo na vifaa vingi.

Ikiwa redio iliyowekwa juu ya meza ya mwalimu miaka arobaini iliyopita iliweza kumfanya mtoto wa darasa la kwanza ajibu, simu ya leo haina kisingizio. Tofauti haiko katika chombo. Iko katika ule ukimya wa sekunde chache baada ya swali, kwa maana ndimo mwanafunzi anamolazimika kufanya kazi.

Kwa nini basi kozi za namna hii huwapendeza watu wengi hivi? Kwa maoni yangu ni kwa sababu kusikiliza maelezo mazuri huleta hisia inayofanana mno na kuelewa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwalimu yafaa alijue. Baadhi ya wanafunzi waliisoma habari mara kadhaa. Wengine waliisoma kisha wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Walipopimwa dakika tano baadaye, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya juma moja, hali iligeuka kabisa, wale waliojilazimisha kukumbuka wakawa mbele kwa mbali. Cha ajabu ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba hawatasahau. Ikiwa hali ni hiyo kwa kukumbuka habari tu, sembuse kwa kazi nzito ya kupima hoja?

Hapa ndipo lawama inapotugeukia sisi wenyewe. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 unataja uwazaji kina na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi wa kimsingi ambao kila mwanafunzi wa Kenya anatakiwa kuupata. Ni lengo jema. Lakini mtu anaweza kulitimiza kwenye karatasi bila kulitimiza kichwani mwa mtoto. Mwalimu huandika ubaoni "Sifa za uwazaji kina," wanafunzi wakazinakili, kisanduku kikatiwa alama, na somo likahesabiwa kuwa limefundishwa. Kuna tofauti gani kati ya somo hilo na ile kozi ya shilingi 4,500?

Wala sisemi haya kama mtu aliyesimama pembeni. Kwa miaka kadhaa nilifundisha hoja potofu kwa kuwasomea wanafunzi orodha: kumshambulia msemaji badala ya hoja yake, kujumlisha kutokana na mfano mmoja, kudhani kwamba lililotangulia ndilo lililosababisha. Katika mtihani waliiandika orodha hiyo vizuri ajabu. Kisha katika swali lililofuata, walipotakiwa kutoa maoni yao kuhusu lugha ya kufundishia, wengi walitenda makosa yayo hayo waliyokuwa wameyaorodhesha ukurasa uliotangulia. Nilisahihisha karatasi hizo nikiwalaumu. Yanipasa sasa kukiri kwamba nilichopima katika swali la kwanza ni kumbukumbu, na katika swali la pili nilipima kitu ambacho sikuwa nimekifundisha.

Tufanyeje, basi? Mimi ni mwanaisimu, na kila mvuvi hushika wavu wake. Naamini kwamba vifaa vya kufikiria kwa mpangilio hatuna haja ya kuviagiza kutoka mbali, maadam vimo ndani ya lugha tunayoifundisha kila siku. Tazama viunganishi: kwa sababu, kwa hiyo, ijapokuwa, licha ya, isipokuwa, ilhali. Kila kimoja ni ahadi kwa msomaji. Anayeandika "kwa hiyo" ameahidi kwamba linalofuata linatokana na lililotangulia. Mwalimu anayesahihisha insha na kuuliza pembeni, "Kwa hiyo kwa vipi?" anafundisha mantiki kuliko saa nane za hadithi za matajiri.

Tazama pia namna Kiswahili kinavyopanga masharti. "Mvua ikinyesha, tutapanda" ni matarajio. "Mvua ingenyesha, tungepanda" ni dhana ambayo bado ina mlango. "Mvua ingalinyesha, tungalipanda" ni mlango uliokwisha kufungwa. Mara nyingi tumeifundisha tofauti hii kama kanuni ya kuepuka kosa mtihanini, ilhali ndani yake mna mazoezi kamili ya kufikiri: Ni lipi lililotokea? Ni lipi lingaliweza kutokea? Unajuaje? Kadhalika kuna maneno ya kupimia uhakika, kama vile huenda, yamkini, aghalabu, bila shaka. Mwanafunzi anayelazimika kuchagua moja kati ya hayo, na kueleza sababu ya kulichagua, anajifunza kutosema zaidi ya anayoyajua.

Tunazo pia methali, ambazo tumezoea kuzitumia kufunga mjadala kana kwamba ni hukumu ya mahakama. Lakini wahenga hawakuwa na kauli moja. Walisema haraka haraka haina baraka, wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Walisema damu nzito kuliko maji, wakasema vilevile fimbo ya mbali haiui nyoka. Anayezijua zote mbili hawezi kuridhika na kuzikariri, bali atalazimika kuuliza ni katika hali gani hii inafaa na ile haifai. Hata ushairi wetu una mila hiyo ya kupimana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyetunga katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, anakumbukwa pia kwa mashairi ya kujibizana, na kurasa za mashairi za magazeti ya Kiswahili zimeendeleza mila hiyo, malenga mmoja akiuliza na wenzake wakimjibu.

Napendekeza somo moja tu, ambalo mwalimu yeyote anaweza kulijaribu katika dakika 40 bila gharama yoyote. Aandike ubaoni methali mbili zinazopingana, pamoja na tukio moja kutoka maisha ya wanafunzi, kwa mfano ndugu wawili wanaobishana kama wauze ng'ombe sasa au wangoje bei ipande. Kwa dakika tano kila mwanafunzi aandike peke yake, kimya, uamuzi wake na sababu zake. Kisha waketi wawili wawili wenye maoni tofauti. Sheria iwe moja, kwamba hakuna ruhusa ya kumjibu mwenzako kabla ya kuieleza hoja yake kwa namna ambayo yeye mwenyewe atakubali na kusema, "Naam, ndivyo nilivyosema." Mwisho kila mmoja arudi kwenye daftari lake, aandike upya uamuzi wake, na aonyeshe ni sababu ipi aliyoiongeza, aliyoifuta au aliyoishikilia.

Najua pingamizi litakalotolewa, tena ni la haki. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 katika chumba kimoja atawasikilizaje wote? Hawezi. Lakini wakiwa wawili wawili, kila mmoja amepata angalau msikilizaji mmoja, na mwalimu anayepita kati ya madawati akisikia jozi sita na kusahihisha madaftari kumi kila juma anajua mengi kuhusu darasa lake kuliko yule aliyesoma orodha kwa watu 60 waliokaa kimya. Si suluhisho kamili. Serikali bado inadaiwa walimu zaidi na madarasa zaidi. Hata hivyo, deni hilo lisiwe sababu ya kuendelea kuita kunakili kuwa ni kufikiri.

Nawageukia wanafunzi. Msidhani kwamba mnaweza kupewa akili iliyopangika mkiwa mmelala, vipokea sauti vikiwa masikioni. Mkisikiliza mhadhara, rekodi au mwalimu wenu, simamisheni kila baada ya muda, fungeni daftari, mwandike mlichokielewa, kisha mwandike kitu kimoja mnachokitilia shaka. Ikiwa hamna cha kuandika, basi hamkujifunza, hata kama mlifurahi. Na kabla ya kulipia kozi yoyote ya namna hiyo, ulizeni swali moja: Nitatakiwa kufanya nini, na nani ataniambia kwamba nimekosea? Kama hakuna jibu, wekeni fedha zenu.

Hatimaye nilimjibu yule mwanafunzi. Nilimwambia asinunue. Akanitazama, akasema kwa adabu, "Lakini Daktari, unajuaje kwamba nisingefaidika?" Nilifungua daftari nikamwonyesha hesabu yangu: saa nane, vipindi 16, maswali matatu, na hata moja lisiloachiwa nafasi ya kujibiwa. Aliisoma hesabu hiyo polepole, akauliza kama niliwahi kulala katikati ya kipindi na kukosa mengine. Nilikiri kwamba nilisinzia mara moja, katika kipindi cha 11, nikakirudia kesho yake.

Swali lake lilinifurahisha kuliko rangi zote sita alizozitaja. Walimu wenzangu, tuwape wanafunzi wetu nafasi ya kutuuliza hivyo, na tuwe na daftari la kuwaonyesha wanapouliza.